Mfereji Kando ya Kiti cha Baba Mkwe

Mume wangu alinunua mandhari. Pamoja na mandhari alipata ekari kumi na nane, bwawa, maporomoko ya maji yenye kimo cha mtu mzima aliyechuchumaa, na nyumba ya mawe yenye paa la bati jekundu. Lakini ukimuuliza alinunua nini, atakushika bega, akugeuze upande wa magharibi, akuambie, "Tazama." Utatazama. Kuna milima. Nyuma ya milima kuna milima mingine. Mwisho kabisa kuna ukungu, na ukungu huo, yeye anasema, ni ziwa.

Mimi nilinunua mfereji. Jina langu haliko kwenye hati, najua. Lakini alipokuja Kiogoro kuniambia kwamba amepata shamba ng'ambo ya Keroka, kwenye yale mashamba yaliyoachwa na wazungu, nilimuuliza swali moja tu: maji yako wapi? Akajibu, "Mlangoni." Nikaanza kufunga vyombo.

Kiogoro tulikaa kwenye shamba la baba yake. Ni shamba kama mashamba yetu yote, limeanzia barabarani juu ya kilima, likateremka jembamba kama mkanda mpaka mtoni. Wazee waligawa hivyo ili kila mwana apate barabara na kila mwana apate maji. Hakuna aliyedhulumiwa. Nyumba zikajengwa juu, karibu na barabara, maji yakabaki chini, na kati ya nyumba na maji wakawekwa wake. Nilipanda kilima kile miaka minne nikiwa na debe kichwani, mtoto mgongoni, na mara nyingi mtoto mwingine tumboni. Nimemaliza kidato cha nne. Nilifundishwa kwa nini maji hayapandi mlima, nikapasi.

Yule mzungu wa kwanza alikuwa ameyapandisha. Chini ya maporomoko aliweka mashine ndogo ya chuma isiyotumia mafuta wala moto. Maji yenyewe yanaigonga, tak, tak, tak, usiku na mchana, na kila inapogonga inasukuma maji kidogo kwenye bomba mpaka kwenye tangi lililo juu ya nyumba. Siku ya kwanza niliufungua mfereji, yaani bomba la ukutani, nikaufunga. Nikaufungua tena. Mume wangu alikuwa ananiita upande wa pili wa veranda nije nione ziwa.

Kwa kweli mfereji ulikuwa umebaki mmoja tu. Mtu aliyenunua kwa mzungu, ambaye ndiye aliyetuuzia, alikuwa ameng'oa kila kilichong'oleka ndani ya nyumba: sinki, bafu, mabomba ya jikoni, hata vishikio vya milango miwili. Mfereji mmoja ulimshinda kwa sababu ulijengewa kwa simiti kwenye ukuta wa veranda, upande wa mbele, karibu na ngazi. Nasikia mke wa mzungu alikuwa anautumia kumwagilia maua. Mimi niliutumia kufua nepi. Nilifua nikiwa nimesimama wima, maji yanakuja yenyewe, mtoto analala kwenye kivuli. Wiki tatu. Sina la kusema juu ya wiki hizo tatu, zilikuwa nzuri.

Halafu baba mkwe akaja kuona shamba.

Alikuwa na haki ya kuja. Fahali wake wawili waliuzwa ili shamba lile linunuliwe, na alisema anataka kuona fahali wake wamegeuka nini. Alisema atakaa siku mbili.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya chinsoni, kwa wasio wa kwetu. Chinsoni ni heshima na haya kati ya wazazi na watoto waliokwisha kuoa. Baba haingii nyumba ya mwanawe. Haingii hata mvua ikimpiga, hata kukiwa na msiba. Hapaswi kuona mahali mwanawe analala. Na mimi, mke wa mwana, simpi baba mkwe mkono, siinami mbele yake, sifui mbele yake, sipayuki akiwa karibu. Nimelelewa hivyo na sina ugomvi na jambo hilo. Kiogoro halikutusumbua hata siku moja, kwa sababu nyumba yake ilikuwa kule, yetu huku, na katikati migomba. Waliojenga walijua wanachofanya. Mzungu alijenga bila kujua ana baba mkwe wa kumfikiria.

Mzee alifika asubuhi, akaizunguka nyumba kwa mbali, akasimama kwenye majani. Mume wangu akatoka.

"Tata, panda. Hii ni veranda. Ni kama ua tu."

Mzee akaangalia bati juu, akaangalia simiti chini. "Ua wenye paa?"

"Nyua za wazungu ndivyo zilivyo."

"Na mlango huu?"

"Nyumba inaanzia kwenye mlango, Tata. Huku ni nje kabisa. Panda uone ziwa."

Mzee alipanda kama mtu anayepima kama daraja litashika. Kiti kilikuwepo, kiti kikubwa cha mbao alichokiacha mzungu kwa sababu hakikupita kwenye mlango wa lori. Mume wangu alikuwa amekiweka mahali penye kuonyesha milima vizuri zaidi. Mahali hapo palikuwa kando ya mfereji. Mkono wa kulia wa baba mkwe ungeweza kuufungua bila yeye kuinuka.

Tulikuwa tumepanda mahindi juzi yake. Baba mkwe aliketi kwenye kiti kile mpaka mahindi yakanipita kimo.

Usiku alilala kwenye chumba cha nje, nyuma, ambapo mzungu alikuwa anahifadhi maziwa. Alfajiri alikuja kwenye kiti. Jua likizama akaondoka. Katikati hakuondoka, ila kwa zile safari fupi za lazima, na zile hazikuwa na saa maalumu ambayo mtu angeweza kuitegemea akiwa na beseni la nepi. Nilijaribu. Siku moja nilikuwa nimeshika kishikio cha mfereji nikasikia fimbo yake ikigonga ngazi, nikakimbia na mimba ya miezi sita kupitia jikoni, nikaacha sabuni. Sabuni ile ilibaki pale siku mbili. Hakuigusa. Mimi pia.

Chakula nilikiweka kwenye kidirisha cha jikoni kinachotazama veranda, nikakohoa, nikaondoka. Akakichukua. Baadaye nikakuta sahani. Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi na yeye, watu wazima wawili wenye adabu.

Maji nilichota bwawani. Nilitokea mlango wa nyuma, nikazunguka chumba cha maziwa ili asinione, nikateremka kilima chote, nikafungua kufuli. Kulikuwa na kufuli kwa sababu mume wangu, wiki ile ya kwanza tu, alizungushia bwawa seng'enge na kuweka lango. Alisema mali isiyo na ua si mali. Nikajaza debe, nikafunga kufuli, nikapanda. Mashine ilikuwa inagonga karibu na miguu yangu, tak, tak, ikipeleka maji juu mahali ninapokwenda, na ikifika kabla yangu. Wakati mwingine nilisimama nikaisikiliza. Haikuchoka. Iliyatoa maji pale chini, ikayafikisha kwenye mfereji, na mfereji ukamfikishia baba mkwe, ambaye hakuwa na haja nayo.

Kwenye njia ya ng'ambo ya seng'enge walikuwa wanapita wanawake wa jirani na madebe yao wakienda kwenye kijito kingine mbali, kule bondeni. Niliwasalimu. Hawakuitika. Nikasema moyoni, hawa ni watu wa kujisikia, na nikaongeza hilo kwenye orodha ya mambo ya mahali pale.

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja Kisii mjini. Alikuja Ijumaa jioni. Ijumaa jioni jua likizama Sabato imeingia, na katika Sabato haongei mambo ya kazi, na mfereji kwa hesabu yake ulikuwa mambo ya kazi. Jumamosi kanisa. Jumapili asubuhi wageni wa kuja kuonyeshwa ziwa, na adhuhuri basi la kurudi. Kwa hiyo nilikuwa na Jumamosi kuanzia giza kuingia mpaka yeye alale, na yeye ni mtu wa kulala mapema.

"Baba anarudi lini Kiogoro?"

"Mwache mzee apumzike. Hujaona anavyopenda kutazama ile milima? Hageuki hata kidogo."

"Mimi nataka mfereji."

"Mfereji uko palepale."

"Na yeye yuko palepale."

"Sasa unataka nimfukuze baba yangu kwa sababu ya nepi?"

Nikamwambia aifue moja. Akacheka sana. Alidhani ni utani.

Wageni wa Jumapili walikuwa watu wa ofisi yake. Walivua kofia kwa mzee, wakasimama nyuma ya kiti chake, wakatazama magharibi. Wakasema, "Bwana, mnaishi kama wazungu." Wakanywa chai. Chai ile ilitoka bwawani kichwani mwangu, madebe mawili kila Jumapili, nisiwasingizie, pengine moja na nusu. Mmoja alinawa mikono kwenye mfereji, akauacha unatiririka, akasema, "Maji ya bure kabisa!" Nilikuwa jikoni. Nilimsikia.

Nataka ieleweke kwamba baba mkwe sikumchukia. Nilimchukia kiti. Niliamini kama kila mtu kwamba mzee amependa mandhari uzeeni, kama wengine wanavyopenda tumbaku, na kwamba atafia pale akiangalia ukungu, na mimi nitazaa bwawani.

Ndipo baba mdogo akaja. Huyu ni mdogo wake baba mkwe, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuja siku ya kazi, katikati ya wiki, kutoka Kiogoro, kuona kwa nini kaka yake harudi. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi. Nilimsikia akisimama chini, kwenye maua ya mke wa mzungu. Alikataa kupanda.

"Shuka tuongee."

"Panda wewe."

"Nipande nyumba ya mtoto? Mimi sijalewa. Wewe unafanya nini humo ndani?"

"Siko ndani. Niko nje."

"Nje yenye bati?"

"Nyumba inaanzia kwenye mlango."

"Nani amesema?"

"Kijana."

"Kijana ndiye siku hizi anatufundisha nyumba inaanzia wapi! Mvua ikinyesha unalowa?"

Baba mkwe akagonga simiti kwa fimbo.

"Nakuuliza. Mvua ikinyesha, unalowa au hulowi?"

"Ikija na upepo, nalowa."

"Kwani wewe ni nguo, unasubiri upepo? Na mbona hunitazami? Nimetembea kutoka Keroka, nimesimama huku kando, unaongea na milima."

"Shingo."

"Imefanya nini?"

"Haigeuki."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili." Akakohoa. Halafu akaongea kwa sauti ya chini, lakini kidirisha changu kilikuwa wazi. "Nyuma yangu kuna dirisha."

"Naliona. Dirisha la nini?"

"La chumba chao."

Nikasikia miba ya waridi ikishika suruali ya mtu. Baba mdogo alikuwa amerudi nyuma.

"Umeona kitanda?"

"Sijaona kitanda! Niliona pazia. Nikajua. Tangu siku ile nimetazama mbele."

Niliweka kisu chini. Chumba kile alikichagua mume wangu. Ndicho chumba kikubwa, alisema, mzungu alilala humo, ukiamka unaona milima ukiwa kitandani. Mimi nilishona pazia. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akafikiri kwamba ukiweka kiti cha mzee mahali pazuri pa kutazama, na kitanda mahali pazuri pa kutazama, vitu viwili hivyo vitatenganishwa na kioo. Miezi mitatu mzee yule hakuwa anatazama mandhari. Alikuwa anakataa kutazama nyuma.

"Basi inuka twende," baba mdogo akasema. "Ng'ombe wako wanakamuliwa na kila mtu."

"Sitoki. Kijana ameniomba nikae."

"Ukae ufanye nini?"

"Nilinde. Ndugu za yule aliyemuuzia wanasema kilichouzwa ni ardhi, nyumba haikuuzwa. Wanapita hapa. Anasema wakikuta hakuna mwanamume watatia kufuli. Nikae mpaka apate likizo."

"Likizo ni lini?"

"Hakusema."

"Na mkewe anasemaje?"

"Mkewe nitamuulizaje?"

Nikamenya mkungu wote. Tulikuwa watu wawili wa kula. Nilipomaliza ndizi niliosha mikono kwa maji ya debe, nikaenda chumbani.

Kitanda kilikuwa cha chuma. Nilikifungua mwenyewe kwa kijiko na kwa hasira, nikakiburuta kipande kwa kipande mpaka chumba cha nyuma kinachotazama choo. Godoro nikaliviringisha. Sanduku la nguo nikalisukuma kwa miguu. Kisha nikavuta magunia ya viazi na gunia la pareto kavu, nikayapanga ukutani chini ya dirisha. Ilinichukua muda mrefu, na baba mdogo alikuwa ameteremka kwenda kuona bwawa. Nikasimama kando ya dirisha, ndani, mgongo wangu ukutani, mahali ambapo baba mkwe hawezi kuniona hata akigeuka. Nikasema, bila kupaza sauti:

"Tata."

Kiti kikalia. Sikuwahi kumwita hivyo peke yetu.

"Tata, chumba hiki sasa ni stoo. Nimehamisha vitu."

Nikasikia mashine kule chini, tak, tak.

"Vyote?" akauliza.

"Vyote. Viko nyuma. Humu kuna viazi."

Nikasikia kiti tena, polepole, kama mlango mzito. Alikuwa anageuka. Alipofika mwisho akatoa pumzi ndefu.

"Ni viazi kweli," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Vimeanza kuota. Vile vya juu."

"Nimeona, Tata."

Sasa tulikuwa tunaongea, yeye nje, mimi ndani, ukuta katikati, na sikuona tumevunja kitu. Nikamuuliza kama anapapenda pale.

"Pana baridi," akasema. "Simiti inapanda kwenye mifupa."

"Na milima?"

"Milima nimeiona. Hakuna mtu anayepita. Kwangu nikikaa nje naona nani ameenda sokoni, nani amerudi bila chumvi. Hapa naona ukungu. Lakini kijana alisema unaogopa kuachwa peke yako. Alisema unalia."

"Mimi?"

"Nami nikashangaa. Sijakusikia ukilia. Nimekusikia ukivunja kuni."

"Sijalia, Tata. Nimechota maji."

"Wapi?"

"Bwawani."

"Na huu mfereji?"

Nikamwachia aangalie mkono wake ulipo na mfereji ulipo. Nadhani aliangalia, kwa sababu baada ya muda alisema neno moja juu ya mwanawe ambalo sitaliandika, maana watoto wangu watajua kusoma.

"Nikiondoka, nani atakaa hapa?"

"Mimi."

"Wakija?"

"Watanikuta nafua."

Akafikiri. "Hiyo inatosha," akasema.

Waliondoka asubuhi iliyofuata, yeye na mdogo wake. Alisimama mbali, chini kwenye majani, fimbo mkononi, na kabla ya kwenda aligeuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, mara mbili, mbele ya watu wote. Baba mdogo akasema, "Umeshaonyesha, twende."

Nilifua nepi za wiki nzima. Nilifua mapazia. Nilifua vitu visivyo na uchafu.

Siku ya tatu ndugu za muuzaji wakaja. Walikuwa wawili, mmoja mrefu mwenye koti la mvua, mwingine mnene mwenye kofia. Walipita waridi wakasimama chini ya ngazi. Mimi nilikuwa kwenye mfereji, mtoto mgongoni, mikono imejaa povu. Niliufunga mfereji ili nisikie vizuri. Hati ilikuwa ndani, nimeiweka juu ya kabati tangu mzee aondoke, na nilikuwa nimeisoma mara tatu. Ilisema ardhi na kila kilichojengwa juu yake. Mume wangu pia anaweza kusoma, na angewasomea hawa wawili siku ya kwanza, lakini aliona ni rahisi zaidi kumpanda baba yake pale kama mti.

"Bwakire," wakanisalimu.

Nikaitika.

"Mzee yuko wapi?" yule mrefu akauliza.

"Ameenda kwake. Mnataka nini?"

Wakatazamana. Yule mnene akavua kofia. "Afadhali," akasema. "Yule mzee ni mkali! Sijaona mzee mkali kama yule."

"Amewafanyia nini?"

"Tumekuja hapa mara nne, mama. Mara nne tunamsalimu. Hageuki. Anaitikia kidogo tu, huku anatazama mbele kama chifu. Mara ya nne nikamwambia ndugu yangu, hawa watu wametudharau mpaka mwisho."

"Alikuwa na shingo," nikasema.

"Shingo?"

"Haikugeuka. Imepona." Sikuona haja ya kuwaeleza zaidi. "Mlikuja mara nne kwa ajili ya nini? Nasikia nyumba haikuuzwa."

Yule mrefu akaanza kuangalia viatu vyake. "Hayo tulisema ili mumeo atusikilize. Mtu hakusikilizi mpaka umtishe. Jambo letu ni maji."

Wake zao walikuwa wanachota kwenye lile bwawa tangu enzi za mzungu. Mzungu aliwaruhusu. Ndugu yao alipolinunua shamba waliendelea. Mume wangu alipokuja akatia seng'enge na kufuli, bila kuwaambia neno, na tangu siku hiyo wanawake wa nyumba sita wanakwenda kwenye kijito cha mbali, na mmoja ameteleza huko akiwa na mimba. Ndio wale waliokuwa wananipita bila kuitika salamu. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Walikuwa wananiona kila siku nikifungua, nikichota, nikifunga.

Nikawa nafikiria ule ufunguo kwenye kamba ya shingo yangu, na jinsi ninavyoonekana kutoka ng'ambo ya waya.

"Bado kuna mtu anayesema nyumba haikuuzwa?" nikawauliza.

Wakauangalia mfereji. Yule mnene akasema, "Hiyo imekwisha, mama."

"Ataisema mbele ya chifu, kwamba imekwisha?"

"Hata kesho."

Walikwenda kwa chifu kesho yake kweli, nami nikaenda nao na hati na mtoto, na ikaandikwa. Sikuwapa ufunguo wa bwawa. Kule kilima ni kirefu, najua mimi. Niliwaambia wake zao waje hapa juu.

Siku ya kwanza walikuja wawili, wakasimama mbali wakijifanya wanaangalia maua. Siku ya pili wakaja wote. Tangi linajaa polepole, kwa hiyo lazima wangoje, na wakingoja wanakaa. Wanakaa kwenye ngazi, kwenye ukuta wa veranda, na mkubwa wao, mwanamke mwenye pengo la meno ambaye ndiye aliyeteleza, alikaa kwenye kile kiti siku ya kwanza akasema kinauma mgongo na hajui mzungu alikipendea nini. Waliniuliza kama ni kweli kule mwisho ni ziwa. Nikasema sijui. Mmoja wao akasema ni moshi wa watu wa Mosocho wanachoma makaa, na wakacheka, na mimi nikacheka, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo.

Ijumaa ya wiki ile alipoondoka mzee mume wangu hakuja, ofisi ilimzuia. Iliyofuata akafika na mkoba wake jua likiwa karibu kuzama. Nilimwona kutoka mbali akipanda, akipunguza mwendo, akisimama. Kati ya kiti na milima walikuwa wamesimama wanawake kumi na mmoja na madebe. Hakuna kilima kilichoonekana.

Akapita katikati yao akisema hodi, hodi, kama mgeni.

"Baba yuko wapi?"

"Kiogoro. Shingo imepona."

"Umemwondoa?"

"Amejiondoa. Aliniuliza kama ninalia."

Akaangalia dirisha. Akaona viazi. Nilimpa muda wa kuelewa, na nikaona anaelewa kidogo kidogo, kuanzia masikio.

"Sasa nani analinda nyumba?" akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wageni wasisikie.

"Hawa."

Akasema amechoka, ana vumbi la njia nzima, nimpe maji aoge kabla jua halijazama. Nikamwonyesha ndoo. Akaichukua, akaenda moja kwa moja kwenye mfereji, akanyoosha mkono.

"Shemeji," akasema yule mama mwenye pengo bila kuinuka kwenye ngazi, "foleni inaanzia kule kwenye waridi. Wewe uko nyuma ya huyu wa debe la buluu."

Mume wangu akanitazama. Mimi nilikuwa nasuuza nepi, zamu yangu ilikuwa imefika.

Akaenda kwenye waridi na ndoo yake.